Mwalimu, mtaro wa mtaa una uhusiano gani na sala zangu?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Tabata na nafanya kazi Posta kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Naamka saa kumi alfajiri, narudi nyumbani saa mbili usiku. Jumapili sikosi misa, Jumamosi alfajiri niko kwenye jumuiya, na rozari nasali. Lakini kwa muda sasa naona nasali kwa mdomo tu. Siku zangu zinapita bila maana yoyote mbele za Mungu: foleni, makaratasi, kupika, kulala. Rafiki zangu wananishauri niombe likizo isiyo na malipo nikakae kwenye mafungo ya maombi. Wengine wanasema hata kazi niiache. Mume wangu anaona nimechoka tu.

Wakati huohuo mwenyekiti wa mtaa ameniomba niingie kwenye kamati ya mazingira, kwa sababu mtaro wetu unafurika kila masika na wanataka mtu anayejua kuandika barua na kutunza kumbukumbu. Jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye kisukari ambaye huwa namchukulia dawa mjini, ananiambia nikubali. Mwanajumuiya mwenzangu anasema mambo ya mtaa ni siasa, na siasa itanitoa kwenye njia. Muda nilionao ni mdogo. Niutoe kwa Mungu au kwa mtaro?

Jibu

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kubali kazi ya kamati, kazi ya Posta usiiache, na mafungo yasubiri kwanza. Mafungo ni kitu kizuri, na nimewaona watu wakitoka huko wamepata nguvu mpya. Ila kwa jinsi ulivyoandika, unataka kwenda kumtafuta Mungu mahali ambapo foleni, makaratasi na mtaro havipo, na siku ukirudi utavikuta vyote palepale ulipoviacha. Utakuwa umepumzika, jambo ambalo nalo unalihitaji, lakini swali lako litakuwa halijaguswa.

Katika barua yako yote kuna maneno machache niliyoyasoma mara kadhaa, nayo wewe umeyapita haraka: huwa unamchukulia dawa jirani yako. Uliyaandika ili nijue huyo jirani ni nani. Hukuyaandika kama sehemu ya maisha yako ya sala. Sasa naomba tukae hapo kidogo. Naweza kukisia inavyokuwa. Unatoka ofisini mwili umekwisha, na badala ya kuwahi gari la Tabata unakwenda duka la dawa. Unapanga foleni. Unatoa kikaratasi alichokupa, unauliza kama dozi ni ileile, unahesabu vidonge mbele ya muuzaji, unakunja risiti pamoja na chenji ili hesabu ya watu isije ikapotea. Halafu unasimama kwenye daladala njia nzima umekumbatia mkoba kifuani, kwa sababu humo ndani mna afya ya mtu. Unafika kwake usiku, unabisha hodi, unaambiwa kaa kidogo upumzike, unajibu watoto wananisubiri.

Mama, wewe unaiita hiyo shughuli. Fungua Injili ya Mathayo sura ya 25 uone Bwana anaiitaje. Na uangalie jambo moja ambalo mahubiri mengi huliruka: wale walioambiwa karibuni, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, wanashangaa. Wanauliza, lini tulikuona mgonjwa? Hawakujua. Walipokuwa wakilisha na kuvika na kutembelea, hawakusikia joto lolote moyoni, hawakuona nuru. Waliona mtu mwenye njaa wakampa chakula, basi. Kama utamu wa moyo ungekuwa ndicho kipimo, wale wangeanguka wote. Wewe unapima siku zako kwa jinsi unavyojisikia ukipiga magoti, na kwa kipimo hicho kila siku inatoka tupu. Ndiyo maana nataka tubadilishe kipimo kabla ya kubadilisha ratiba.

Ukame wa sala usikutishe sana. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, watu wengi walipigwa na butwaa kusoma kwamba kwa miongo mingi alisali bila kuhisi chochote. Aliendelea kusali, na aliendelea kuwaokota wanaokufa barabarani. Ninachokuonya ni kitu kingine: kuuchukua ukame huo kama ushahidi kwamba maisha yako ya kila siku yamekutenga na Mungu, halafu ukayakimbia.

Mgawanyo huu wa mambo ya Mungu huku na mambo ya dunia kule tumeuzoea sana mjini kwetu. Mtu analia machozi kwenye mkesha, asubuhi anamwaga taka kwenye mtaro wa jirani, na haoni kama hayo mawili yanakutana popote. Nabii Isaya aliliona hilo muda mrefu uliopita. Sura ya 58 ni ya watu waliofunga, wakajinyima, kisha wakamuuliza Mungu mbona huoni? Jibu walilopewa lilihusu vibarua wao, wenye njaa na wasio na makao. Kisha, mstari wa 12, yule atakayefunga kwa namna hiyo anapewa jina: mwenye kutengeneza mahali palipobomoka, mwenye kurejeza njia za kukalia. Kwa masikio ya mtu wa Tabata wakati wa masika, hilo ni jina la mjumbe wa kamati ya mazingira.

Jirani yako naye ana hazina yake, na ningependa siku moja mkae mzungumze. Mwombe akueleze Surat al-Maun, sura ya 107 ya Kurani. Ni fupi sana, watoto wa madrasa wanaijua kwa moyo. Inawapa ole watu wanaosali huku wameghafilika na sala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia msaada mdogo. Wafasiri wa zamani walipoeleza msaada huo ni upi, walitaja vitu ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka. Kwenye sura hiyo, kumnyima jirani ndoo kumetajwa pamoja na sala isiyo na moyo. Na kuna hadithi ya Mtume, imo katika mapokezi ya Muslim, kwamba imani ina matawi sabini na kitu, la juu kabisa ni kukiri kwamba hapana mola ila Mwenyezi Mungu, na la chini ni kuondoa njiani kitu chenye kudhuru. Jirani yako anapokwambia kubali kamati, huenda ndilo analolifikiria. Mtaro uliojaa viroba ni kitu chenye kudhuru njiani kwa maana ya wazi kabisa.

Sasa tuje kwenye meza yako ya Posta, maana huko ndiko unakotumia saa nyingi kuliko kanisani na nyumbani, na sitaki tuipite kana kwamba ni mahali pa kutafutia mkate tu.

Wewe unajua kuliko mimi kinachotokea faili likikaa mezani. Mzigo ukishashuka bandarini, siku za bure zikipita, gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabika. Kampuni kubwa italipa na kuendelea. Lakini kuna yule mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo aliyechangia kontena na wenzake, ana marobota yake machache, amekopa kwenye kikundi, na kwake siku tatu za nyaraka kulala zinaweza kula faida yote. Yeye hajui hata jina lako. Haji na chai. Faili lake liko chini ya la mtu aliyepiga simu kwa bosi. Mkono wako unapolitoa faili lile chini na kulipa zamu yake halali, au unapokataa kupokea kitu ili kulirusha la mwingine, kuna haki inayotendeka hapo ambayo haitatangazwa popote. Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa kanuni katika karne ya 6, aliagiza kwamba mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altareni. Jembe na sufuria vishikwe kama kikombe cha misa. Nadhani angekuwa na la kusema kuhusu faili la mtu wa marobota.

Huhitaji kuongeza sala ndefu kwenye siku kama hiyo. Unahitaji kuiona. Nakupendekezea desturi moja tu, ya dakika kumi, watoto wakishalala. Ignasi wa Loyola aliifundisha katika karne ya 16, na Waislamu wanayo yao wanayoiita muhasaba, kujihesabu nafsi. Kaa, zima simu, uipitie siku kuanzia alfajiri. Jiulize: leo nimekutana na nani hasa? Nani alinihitaji nikampita? Ni wapi nilitendewa wema nikaupokea kama haki yangu? Taja watu kwa majina au kwa sura, yule konda aliyemshika mkono bibi kizee akapanda, yule mlinzi wa jengo ambaye kila siku anakuamkia. Shukuru panapostahili, omba radhi panapostahili, ulale. Na rozari unayoisali kwenye gari, acha tendo moja kwa ajili ya watu uliobanana nao humo ndani, waangalie wakati unasali. Fanya hivyo kwa Kwaresima nzima au muda unaolingana nayo kabla hujaamua lolote kuhusu kazi. Watu wengi niliowaelekeza kwenye desturi hii huanza kuona, ndani ya wiki chache, kwamba siku zilikuwa zimejaa, na kwamba wao ndio walikuwa wanazipita.

Nije kwenye mtaro, ambako naona ndiko moyo wa swali lako uliko.

Kuna ugonjwa wa jiji letu ambao kwangu ni ugonjwa wa kiroho kabla ya kuwa wa miundombinu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Sehemu kubwa yetu tulikuja, au wazazi wetu walikuja, kutoka Moshi, Songea, Mtwara, Bukoba, Kigoma. Mtu anaishi Tabata miaka thelathini, ana watoto wamesoma hapa, lakini moyoni bado yuko safarini. Nyumba nzuri anaijenga kwao. Desemba anaenda kwao. Akifa anasafirishwa kwao. Hapa anatafuta tu. Sasa jiji la watu milioni tano wanaotafuta tu ni la nani? Mtaro wake ni wa nani? Ndiyo maana mtu anaweza kufagia uwanja wake ukang'aa, kisha akasukuma takataka nje ya geti.

Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa na hali hiyohiyo, ingawa wao walipelekwa Babeli kwa nguvu, na mioyo yao ilikuwa Yerusalemu. Manabii wa uongo walikuwa wakiwaambia wasijali, wanarudi kwao karibuni. Yeye, katika sura ya 29, akawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, mwoze watoto wenu, na muutakie mji huo amani na kuuombea kwa Bwana, kwa sababu amani yake ndiyo itakuwa amani yenu. Mji wa kigeni, wa watu waliowateka! Wakaambiwa wauombee na waukae. Sisi hatukutekwa na mtu. Hapa tulikuja kwa miguu yetu, tukapokewa.

Na tunajua kukaa pamoja, hilo halina ubishi. Angalia msiba ukiingia mtaani. Kabla ya saa mbili kupita turubai limefungwa, viti vya plastiki vimeshushwa, mtu ameshika daftari la rambirambi. Kina mama wameketi kwenye mikeka wanamenya vitunguu na kuchambua mchele. Sufuria kubwa zinatoka nyumba hii na ile, kila moja imepigwa alama ya rangi kwenye kitako ili irudi kwa mwenyewe. Jirani Mwislamu anasimamia chakula cha wafiwa Wakristo, kijana wa kilokole anabeba maji kwenye matanga ya shehe. Hakuna anayeuliza kama kumenya vitunguu ni kazi ya Mungu au ya dunia. Kila mtu anajua.

Lakini sasa fikiria Desemba 2011. Mvua zile ziliua watu zaidi ya 40 jijini na kuwaacha maelfu bila makazi, na familia nyingi za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapita jirani na kwenu, unashuka Kigogo na Jangwani, unaingia baharini Salenda. Kiroba kinachotupwa kwenye mtaro wa Tabata hakipotei. Kinasafiri kwenda kuziba karavati la watu walio chini yenu, na maji yakikosa njia yanaingia ndani mwao usiku. Tungeenda kwenye msiba wao, bila shaka, na tungechanga. Kwa mtaro wenyewe hatuchangi, na kikao chake hatuendi. Mimi naamini upendo uleule unaotupeleka kwenye turubai ndio unaotakiwa utupeleke kwenye kikao cha mtaro, miezi kadhaa kabla. Kwenye kikao hakuna machozi wala nyimbo za kutusukuma, kwa hiyo inabidi mtu aende kwa imani tu.

Mwanajumuiya mwenzako ana hofu, na hofu yake ina msingi: zipo kamati zilizoliwa pesa, na wapo watu wanaotumia mtaa kama ngazi ya kupandia. Hata hivyo nadhani amesahau jumuiya ilianzishwa kwa nini. Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipoafikiana kuzifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele, walitaka imani ishuke kutoka kwenye jengo la parokia ikakae kati ya majirani, katika shida zao halisi. Jumuiya inayosali rozari kwenye nyumba ambayo mlangoni kwake kuna maji machafu, na isiyaongelee, imebaki na nusu ya kazi iliyopewa. Pendekeza Jumamosi moja msome Isaya 58 kisha mtoke wote mkautembee mtaro.

Historia ya jiji hili nayo inapingana naye. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa hapahapa Dar mwaka 1926, alikuwa Mwislamu na mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 TANU, chama kilichokuwa kikipigania uhuru, kilipohitaji wanawake, alikwenda kwenye vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, kwa kina mama ambao wengi hawakuwa na shule, na kupitia mtandao ule wa kuimbiana, kuzikana na kusaidiana wakaingia kwa maelfu. Hakuwatoa kwenye maisha yao ili kuwaingiza kwenye harakati; harakati ilipita ndani ya maisha waliyokuwa nayo. Na Mwalimu Nyerere alihudhuria misa karibu kila siku, kisha akaenda kazini. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll, huko New York, kwamba Kanisa lisiposimama upande wa maskini dhidi ya mifumo inayowadidimiza, litakuwa limekosa wito wake. Mtu anaweza kubishana na sera zake nyingi. Lakini kwamba sala na shughuli za umma vinaweza kukaa ndani ya kifua kimoja, hilo alilionyesha.

Pia tutofautishe. Chama ni kitu kimoja, mtaa ni kingine. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwananchi huyo ni wewe. Wenyeviti waliopo walipatikana kwenye uchaguzi wa 27 Novemba 2024, kila mmoja kwa tiketi ya chama chake, lakini maji ya mtaro hayaulizi kadi. Ukiingia kwenye kamati, kataa kofia, fulana na kanga za chama ndani ya shughuli ya kamati, ya chama chochote kile. Sema hivyo mapema na kwa upole, ili baadaye isionekane umemlenga mtu.

Wamekuita kwa sababu unajua kuandika na kutunza kumbukumbu. Hiyo ndiyo karama yako, na wewe umeitaja kama jambo dogo. Kwenye mitaa yetu mambo mengi hufia hapo: kikao kinafanyika, watu wanakubaliana, hakuna aliyeandika, mwezi unaofuata mnaanza upya. Andika muhtasari siku hiyohiyo. Tarehe, waliohudhuria, kilichokubaliwa, nani anafanya nini. Michango ya mtaro ikikusanywa, kila mwenye kutoa apewe risiti, hata ya shilingi elfu moja, pesa isishikwe na mtu mmoja, na hesabu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa wakazi. Nimeshaona mtaa ukirudisha moyo wa kujitolea kwa sababu tu mtu alisimama na daftari akasoma: tulikusanya kiasi hiki, karavati limegharimu hiki, kimebaki hiki, hiki hapa. Kina mama walipiga vigelegele. Ukweli ukisomwa hadharani namna ile, kwangu unafanana sana na liturujia.

Barua kwa halmashauri nayo iwe na ushahidi. Kabla ya kuiandika, mtembee mtaro mzima, mpige picha kila palipoziba, mchore ramani hata ya mkono. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vya hapa pamoja na wakazi wenyewe kuchora ramani za mitaro na maeneo yanayofurika katika kata kadhaa za jiji, Tandale ikiwemo, na kazi kubwa ilifanywa na watu wanaotembea na simu mkononi wakiwauliza wazee: maji hufika wapi? Waulizeni wazee wenu hivyohivyo. Kuna bibi hapo mtaani anayeweza kukuonyesha alama ya maji ukutani kwake, na pengine hajawahi kuulizwa na mtu.

Ukishazoea, utaona watu watakufuata kwa mengine. Kuna mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya kina mama hukwama kwenye katiba ya kikundi na fomu. Saa moja ya mkono wako inaweza kubadilisha mwaka wa familia kadhaa. Lakini hilo liwe baadaye.

Nikuonye kidogo. Vikao vitachosha. Mtaambiwa saa nne, mtaanza saa sita. Mtu atazungumza dakika ishirini kuhusu ugomvi wa ukuta na jirani yake. Pendekezo lako zuri litakataliwa, na miezi miwili baadaye mwingine atalileta kama lake, litapita kwa makofi. Hapo ndipo utakapojua kama ulikwenda kwa ajili ya mtaro au kwa ajili ya kuonekana, na ukigundua kuna ya pili imechanganyika humo, usiache kazi. Ipeleke kwenye zile dakika kumi za usiku. Watawa walikwenda jangwani kujifunza uvumilivu na unyenyekevu. Ofisi ya serikali ya mtaa ina mafunzo hayo ya kutosha.

Pia usizidishe. Watoto wako wawili na mume wako ni majirani zako wa kwanza, na mtu anayeokoa mtaa huku nyumbani anaonekana akiwa amelala tu, amekosea hesabu. Mume wako anasema umechoka: msikilize, anakuona kwa karibu kuliko mimi. Na kama pamoja na utupu unaousema usingizi umekukimbia, hamu ya kula imekwisha, au unajikuta unatamani usiwepo, hilo si suala la sala wala la kamati. Nenda hospitali umwone daktari; Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenda huko si upungufu wa imani.

Basi wiki hii fanya mambo haya. Mwambie mwenyekiti umekubali kwa mwaka mmoja, uandishi tu, na kikao kiwe Jumamosi baada ya jumuiya au Jumapili jioni, kwa sababu siku za kazi unarudi saa mbili usiku. Mwombe akupe muhtasari wa vikao vilivyopita, kama upo, na kama haupo mwombe majina na namba za wajumbe wote. Mwisho wa mwezi unakuja na Jumamosi yake ya usafi, ile iliyoenea nchi nzima baada ya Rais Magufuli kufuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 na kutoka mwenyewe kufanya usafi eneo la Feri. Tumieni siku hiyo kuutembea mtaro kuanzia juu hadi unapoingilia mtoni, na jirani yako, kama afya inamruhusu, mwombe awapeleke kwa wale anaowafahamu upande wa bondeni. Mafungo tutayazungumza masika yakiisha. Ukinipangia tarehe, nitakutafutia mahali pazuri pasipo na gharama kubwa, na utakwenda ukiwa na kitu cha kumweleza Mungu.